Serikali Ipi?

Miaka kumi na tisa nasimama kati ya kizimba na meza ya hakimu,
Makadara, chumba cha nne, chenye dirisha lisilofungika,
nikipokea maneno kwa mkono huu, nikiyakabidhi kwa ule.
Neno wizi lina mwenzake. Matusi yana wenzake wengi mno.
Serikali ndilo hunikwama kooni
kama mwiba wa samaki: kulimeza siwezi, kulitema ni aibu.

Kwa Kiingereza ni gavamenti, najua, nilifunzwa,
neno moja, koti moja la kuvishwa kila mwili.
Lakini Onsare wa Kaloleni akisema
"serikali ilinikuta mlangoni saa nane usiku"
anamaanisha watu wawili na tochi moja,
mmoja anatafuna miraa,
wa pili alimwomba kiberiti kabla ya kumtia pingu.
Na mama wa Mbotela akisema
"serikali haijafika, wiki ya tatu sasa,"
anamaanisha maji.
Mfereji unakohoa, unatoa hewa na kutu,
naye anauinamia kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

Pale Muthurwa neno hili halihitaji hata sentensi.
Mtu mmoja hulirusha kutoka juu: Serikali!
na machungwa yanarudi guniani kama yenye akili,
wanawake wanakimbia na mizani,
watoto wamelala vilevile migongoni.
Nani kaja? Askari wa kaunti, sita, na lori lenye wavu.
Nitafasiri vipi neno lenye miguu?

Hata kwangu limeingia, wala halikubisha hodi.
Siku ya mshahara, Kisilu akipigiwa simu na wenzake
hushusha sauti: "Ngoja kwanza niulize serikali,"
na serikali ni mimi, nimeshika mwiko,
sina jeshi, sina bendera,
nina deni la unga dukani kwa Wario.

Marehemu baba hakulitamka akiwa ameketi.
Alikuwa tarishi wizarani.
Siku moja alisahau kalamu nyekundu mfukoni, akaja nayo nyumbani;
"Mali ya serikali," akasema, akaiweka juu ya kabati.
Alikusudia kuirudisha Jumatatu.
Tulipohamisha vyombo baada ya matanga niliikuta,
wino umekauka, hakuna aliyeandika nayo hata herufi.

Sasa, Jumanne iliyopita. Kwamboka,
mahindi ya kuchoma, bila leseni, kando ya Barabara ya Jogoo.
Amekiri. Faini shilingi elfu mbili.
Hakimu anauliza nani atamlipia,
naye anaelekeza kidole benchi la nyuma:
"Serikali yangu ile pale."

Bibi kizee, sweta ya shule ya mjukuu,
anafungua fundo la leso kwa meno.
Noti za hamsini, zimekunjwa ndogo kama vidonge.
Na mimi, kwa uchovu, kwa mazoea, sijui,
kinywa kikanitangulia: gavamenti.

Mwendesha mashtaka kicheko kilimtoka puani.
Hakimu hakuinua macho. Aliandika.
Ningeweza kusahihisha, nina kiapo,
ningesema samahani mheshimiwa, ni nyanya yake,
lakini nilikuwa namtazama yule bibi akihesabu,
akapungukiwa na kumi,
akahesabu tena, ikapungua ileile kumi,
akavua kiatu cha kushoto, akaikuta.

Basi faili limo kabatini, ghorofa ya chini,
muhuri umekaa upande kidogo,
na limeandika kwa wino wa buluu
kwamba faini ya Kwamboka, yote, bila kubakiza,
ililipwa na serikali.

Nimepita mbele ya kabati hilo mara tatu.
Ufunguo ninao.