Joto la Lanchester

Saa kumi na moja na robo, Consett bado giza.
Nakwangua kioo kwa kadi ya duka la vyakula,
ile yenye pointi ambazo sijawahi kuzitumia,
na barafu inanimwagikia mkononi kama chenga za mchele.

Ufunguo. Kitaa cha njano kinawaka, nangoja kizimike.
Injini inakohoa, inasafisha koo, inakubali.
Feni nimeiacha imezimwa. Nilishajifunza:
ukiiwasha mapema inakupulizia Januari nzima usoni
na kukuibia hata kile kidogo kilichoanza kupata moto.

“Dizeli ni bahili,” aliniambia fundi Garry
akifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe.
“Ya petroli hutapanya moto, ndiyo maana mtu unaota.
Hii haimwagi kitu. Thamostati nimekubadilishia,
maji yamejaa, hakuna kilichoharibika.
Safari zako tu ndizo fupi.”

Safari zangu tu ndizo fupi.
Hadi Blackhill kwa Bi Audrey, dakika nne.
Hadi Moorside kwa ndugu wawili waliokosana, sita.
Hadi Castleside kwa mzee Norman Teasdale, tano,
kama lori la chumvi limetangulia.
Na kila mlango robo saa, simu inahesabu:
dawa, chai, kuogesha, sahihi.
Sindano ya joto inanyanyua kichwa kidogo kutoka kwenye buluu,
naegesha,
inalala tena.

Watu hapa hudhani nimetoka kwenye jua.
Mimi ni wa Njombe. Nimezaliwa penye umande unaoganda,
nimekua nikiota moto wa jikoni, uso ukiungua, mgongo ukiwa barafu.
Baridi naifahamu.
Nisichokifahamu ni kuiendesha.

Nakiri kosa moja.
Asubuhi ya nyuzi tisa chini ya sifuri, nje kwa Norman,
upepo wa feni uligeuka. Haukuwa moto,
ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyelala karibu nawe.
Nikakaa. Dakika mbili, tatu,
viganja juu ya tundu kama mwombaji.
Dakika zake hizo, si zangu.
Pazia lake likasogea.

Hakuuliza kitu. Miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa tanuri,
enzi ambazo anga ya mji huu ilikuwa nyekundu usiku.
Nilipomgusa mgongo kwa kitambaa aliruka:
“Binti, una mikono ya maiti!”
Akaitia mikono yangu chini ya blanketi lake,
juu ya chupa ya maji ya moto, akaishikilia pale
chai ikipoa, simu ikilia.
“Tanuri letu,” alisema, “hatukulizima hata Krismasi.
Likipoa umelipoteza.”

Februari, Alhamisi, nimeomba ruhusa.
Anachomwa Durham, maili kumi na nne.
Angecheka: mtu wa tanuri kurudishwa kazini.
Barabara inateremka, hakuna mlango wa kugonga,
sindano inapita robo, inafika katikati, inatulia,
na pale Lanchester joto linakuja,
joto lenyewe, la nyayo, la magoti, la shingo,
vioo vinakauka kuanzia chini.
Natoka jasho ndani ya koti jeusi la kuazima.
Nafungua vifungo. Feni siipunguzi.
Kiti cha abiria nacho kimepata moto, hakina mtu.

Mbele, gari la maiti linapanda kilima taratibu.
Nalo dizeli, nalijua kwa mlio.
Dereva wake bado amevaa glavu.