Pete ya Masizi

"Usianze na nyundo," alinifunza Orrin Haugland
wiki yangu ya kwanza. "Ganda likikwama,
anayeharibu chombo ni mwenye haraka."
Karakana yake iko Missoula, nyuma ya duka la matairi.
Agosti. Misitu inaungua mahali, moshi umelala bondeni,
jua jekundu kama jicho lililokesha.

Bi Dagny aliingia na revolva ya marehemu mumewe,
nzito kama pasi ya mkaa,
matundu matano, kila moja humeza kidole cha mwisho.
Huifunga kiunoni akienda kuchuma matunda ya mlimani,
maana dubu nao huyapenda.
"Kufyatua inafyatua," akasema. "Kutapika ndiyo haitaki."
Maganda matatu yalikuwa yametoka. Mawili yamegoma,
na fimbo ya kuyasukuma ilikaribia kupinda.

Nikahakikisha hamna risasi hai. Nikahakikisha tena.
Nikayatoa yale mawili taratibu, kwa kijiti na mafuta,
nikatazama vitako: fataki hazikubapa,
basi baruti haikuzidi.
Nikapitisha ukucha kwenye kuta za matundu:
laini, hazina mkwaruzo.
Orrin alikunywa kahawa yake, kimya.
Anayejua jibu ana kimya chake.

Tochi, basi.
Na mle ndani, karibu na mwisho wa tundu,
pete. Nyembamba, nyeusi,
kama aliyoiacha kidoleni mwa mzee
kazi ya miaka na grisi.

"Mama, unapiga risasi fupi?"
"Ndiyo. Ndefu zinaniumiza kiganja.
Alininunulia fupi, makasha kumi na manne,
kabla hajafa. Si zinaingia humohumo?
Ndefu naweka siku ya kwenda porini tu."

Zinaingia, ndiyo. Ila fupi haifiki mwisho.
Inapoishia, inatema masizi,
leo kidogo, kesho kidogo; haba na haba,
na kibaba kinachojaa hukioni.
Halafu siku ya dubu unatia ndefu,
inalia, shaba inavimba,
pete inaibana shingo.
Huna la kutoa, huna pa kutia.

Nikaloweka. Burashi ya waya wa shaba,
sokota, vuta, sokota.
Masizi yakateremka kama machicha ya kahawa
na mkono wangu ukaendelea wenyewe,
nami nikawa Uvira.

Kila Jumapili mama huuliza: Huko vipi?
Salama. Kazi ipo. Nakula. Tutaongea.
Fupi, zisizoumiza kiganja. Miaka sita.
Hadi Juni iliyopita, akauliza lenyewe:
Asukulu, siku ile njiani, ulikuwa naye.
Alisema nini mwisho?
Neno refu likapanda, likavimba,
likakamatwa palepale fupi zote zilipoishia.
Tulisikiliza pumzi zetu hadi salio likakata.

Kitambaa cha tisa kilitoka cheupe.
Nikatia maganda matupu, marefu, matano,
nikainua mdomo wa bastola juu, nikasukuma kwa kidole kimoja:
yakamwagika mezani kama sarafu.

"Niache kupiga fupi?" akauliza Bi Dagny.
Hapana, mama. Piga. Ila usilale kabla ya burashi.
Akaishika ile bastola muda mrefu bila kuitia mkobani.
"Kila usiku alikaa nayo meza ya jikoni," akasema,
"na kijiti, na vitambaa vyake. Miaka thelathini na moja.
Nami nilidhani anapenda harufu ya mafuta."

Tulifunga saa kumi na mbili jioni.
Uvira ilikuwa saa nane za usiku.
Nilinunua salio la kutosha,
nikaketi kwenye ngazi za karakana, kucha zikiwa nyeusi,
nikingoja kwao kukuche.