Kiraka

Usiniambie ndio ule ule.
Nilikaa harusini Barani, sahani ya pilau pajani,
na yule kijana Kahindi, mwenye kinanda cha stima,
akatangaza kwa kipaza: sasa ya zamani, kwa wazee wetu.
Akabonyeza kidude, ngoma ikaanza yenyewe,
tungu, tungu, kama mashine ya kusaga mahindi,
na juu ya unga huo akaupaka muziki wa sinema
ya yule mjane aliyekosa treni.

Kina mama wakasimama kucheza.
Kucheza! Muziki wa mtu aliyeachwa stesheni
na sanduku lisilo kitasa.

Nimeusikia hotelini pia, nilikopeleka mapazia:
mpiga saksafoni, macho kafumba, jasho linamchuruzika,
kila sauti anaivuta kama chingamu,
haiachi ifike, haiachi ife.
Wataliani wakapiga makofi, uma ziko mkononi.
Nimeusikia kwenye simu ya fundi wa mabomba,
sekunde sita, halafu "Halo, niko njiani,"
naye hayuko njiani.
Na wale wa taarabu walioutia maneno
ya jirani na sufuria la kuazima:
hao angalau walikuwa na fidla.

Wote wanakosea pale pale.

Mstari wa tatu, filimbi inapopanda,
inapanda, inapanda, na kabla haijafika
inakatika.
Kimya, kiasi cha kumeza mate,
kisha inatokea chini, upande wa pili,
kama mtu aliyeteleza ngazini gizani
akainuka bila kusema.
Hapo ukumbi mzima ulishika pumzi,
hata wauza njugu. Najua, nilikuwepo,
mtoto wa miaka tisa, juu, chumba cha mashine,
namshikia baba mkasi.

Na hawa hapo hujaza.
Kahindi hujaza kwa kengele, saksafoni kwa pumzi,
kama mwenye nyumba asiyeweza kuona ukuta mtupu
asitundike kalenda.

Juzi mjukuu wangu Zeyana akaja mbio:
Bibi, acha kulalama, nimeipata yenyewe,
ile ya asili, imesafishwa.
Akanitia vile vidude vya masikioni.
Fidla sitini. Filimbi haina hata vumbi.
Mstari wa kwanza nikafumba macho.
Wa pili nikawa na miaka tisa.
Wa tatu filimbi ikapanda, ikapanda,
ikafika.

Ikafika! Ikakaa huko juu ikijipepea,
ikateremka ngazi moja moja kama bibi harusi
anayengojewa na mpiga picha.

Nikavichomoa.
"Vipi, Bibi?"
"Wameuharibu."
"Lakini hii ndiyo ya kwanza. Hakuna iliyoitangulia."

Usiku, cherehani imefunikwa, nikaikumbuka ile mikebe
iliyokuja kwa basi kutoka Mombasa,
imeshapita Tanga, imeshapita Voi,
na mkebe wa nne, filamu imeungua
kiasi cha dhiraa.
Baba akanyoosha mkono. Nikampa mkasi.
Akakata, akaunga kwa gundi, akapuliza,
akapaka wino mweusi pembeni, penye sauti,
kiungo kisije kikapiga kelele.
"Hawatajua," akasema.

Hawakujua. Mimi nilijua, nikasahau.
Wiki tatu watu wa Malindi walilia
penye wino wa Famau Lali,
wakatoka nje wakipangusa macho,
wakisifu Wahindi.

Ukumbi sasa unauza magodoro.
Kesho nina pazia la kupunguza, hoteli ile ile,
na njiani nitapita kwa Kahindi.
Nitamwambia: mstari wa tatu, filimbi ikikaribia kufika,
inua mikono yote miwili. Usiguse kitu.
Meza mate, ndipo uendelee.

Namjua atakavyonijibu.
"Mama, watadhani stima zimepotea."