Haikojoi

Fundi wa bandarini Wete alitaka laki tatu
na hata kifuniko hajakivua.
Nikamwambia, hii nitaifungua mwenyewe.
Akacheka: "Kufungua, kila mtu hufungua."

Nikaileta Jadida kwa rikwama la kukodi,
mashine ya arobaini, imeviringishwa kanga ya Bikombo
kama mgonjwa aliyeruhusiwa kabla hajapona.
Ukumbini, juu ya jamvi, nikaanza.
Plagi. Kabureta. Kichwa cha silinda.
Chumvi imeng'ang'ania bolti kama deni la duka;
nyengine nimezibembeleza kwa mafuta ya taa usiku kucha,
moja nimeitia nyundo, ikakatika, nikanyamaza.
Kila kitu nimekipanga kwenye sinia,
cha kwanza huku, cha mwisho kule,
hadi kuku akapita.

Mize alikaa na daftari lake la hesabu,
akiniuliza majina.
Ringi, nikamwambia. Pistoni. Krenki.
"Na hiki cha nusu mwezi?"
Hicho? Hicho kichuma tu.

Siku ya tatu nikaifunga.
Bolti moja ikabaki mkononi.
Bikombo akaitazama, kisha akanitazama mimi.
"Ya akiba," nikasema.
Akarudi kwenye mihogo yake, hakutia neno,
na Bikombo akinyamaza, ujue amesema.

Nikaifungua tena.

Kumbe ule mshale uliochongwa juu ya pistoni,
nilioudhani pambo la kiwandani,
hutakiwa utazame njia ya moshi.
Mimi nimeulaza kibla, kama maiti.
Na bolti za kichwa nilizikaza kwa kuzunguka,
kama mtu apitaye harusini akipeana mikono,
gasketi ikabenuka upande mmoja, ikawa inapumua.
Zile huanzwa kati,
moja kulia, moja kushoto,
kidogo, urudi, kidogo, urudi.
Nani angenambia?
Yule aliyetaka laki tatu.

Alhamisi tukajaza pipa uani,
mashine tukaining'iniza kwenye boriti.
Nikavuta kamba. Nikavuta. Bega likalia.
Mara ya kumi na moja ikashika!
Bati likatetemeka, moshi wa buluu ukaingia jikoni,
jirani Shaame akatoka na taulo, mswaki mdomoni,
nami nikapiga takbiri peke yangu.

Lakini haikojoi.

Aijuaye mashine anakijua kile kitundu cha pembeni:
ikiwa nzima, hutoa uzi wa maji,
mwembamba, usiokatika.
Hiki kikavu.
Nikazima kabla haijajiunguza,
nikachokonoa kwa waya wa baiskeli,
nikapuliza kwa mdomo, nikala chumvi ya miaka sita.
Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani;
yangu mimi, bolti ya kwanza.

Nikaushusha mguu, nikaifunua pampu.
Impela mpya, ya elfu kumi na nane,
imekaa zake imestarehe,
na shafti inazunguka katikati yake
kama mtu asemaye na nafsi yake.
Pale pa kuwakutanisha pana tundu dogo.
La nusu mwezi.
Tupu.

Mize hakuinua kichwa daftarini.
"Baba, kile kichuma tu kiko wapi?"

Tukapekua jamvi, tukapekua mfuko wa shati,
tukamshika hata kuku.
Magharibi Bikombo akaliosha sinia,
kesho kuna hitima kwa kina Shaame,
akaligeuza, na chini, penye ukingo,
grisi imekishika: kidogo kuliko ukucha wa Mize.
Akanitia kiganjani kama anayerudisha chenji.

Usiku ule ule, kwa tochi ya simu,
ikakojoa.
Uzi ukapiga ukuta wa pipa, tii, tii, tii,
na watoto wa mtaa wakashangilia
kama bao limeingia.

Nilipokunja jamvi nikaona washa moja.
Nimeitia mfukoni.
Mize ameniona. Anaandika kitu.