Buibui Langu, Buibui Wangu

Malipo ya mnada wa tatu yameingia
na Rahaleo nzima inataka kushonewa.
Juu ya meza yangu mita nne za kitambaa cheusi,
buibui la Somoe binti Likanga,
aliyeapa kulifuata kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa kwenye pindo la mkono wa kushoto
alipopanda, mdogo kuliko kifungo cha shati.
Si yule wa darini, wa utando na inzi waliokauka.
Huyu hana wavu, hana nyumba,
ana miguu na macho tu. Na macho hayo!
Manane. Mawili ya mbele makubwa, meusi,
kama taa za lori la korosho mchana.
Usoni nyekundu, ya pilipili iliyoanikwa.
Mgongoni kijani kinachogeuka buluu ukiinamisha kichwa,
kama mafuta ya cherehani yakidondokea maji.
Na mbele ya mdomo vikono viwili vyeupe,
glovu za bendi ya shule.

Nimeshona miaka ishirini na sita,
nimeshona sare, mashela, sanda pia.
Sijawahi kukutanisha rangi tatu hivi
bila moja kuwagombanisha wenzake.

Jike alikuwa ng'ambo ya mkasi,
kahawia, kama ganda la korosho,
ametulia kama mtu anayehesabu chenji.

Dume akainua miguu ya mbele, yote miwili,
kama trafiki wa njia panda ya Mingoyo.
Kushoto hatua tatu. Akasimama.
Kulia hatua tatu,
na moja ya kuongezea.
Kisha tumbo likaanza kutetemeka,
haraka, haraka, likakoma,
likaanza tena:
sindimba isiyo na mpigaji,
au tuseme ngoma yenyewe ndiyo kiuno.

Hapo nikaondoa mguu kwenye pedali.
Jike hana masikio. Anasikia kwa nyayo,
habari zinampitia kwenye kitambaa,
na cherehani yangu ilikuwa inamvuruga
kama redio ya jirani siku ya posa.

"Fundi, buibui langu liko wapi?"
Somoe, mlangoni.
Nikaweka kidole mdomoni.
"Lako hili hapa. Wangu yuko juu yake."

Akainama. Akazishika bangili zisilie.
Tukatazama, vichwa vimekaribiana,
udi wake na mafuta yangu ya mashine.
"Mume wangu yule," akanong'ona, "alituma washenga wawili
na kilo tano za sukari.
Mwenyewe alibaki barazani anachezea simu."

Nikamwambia: huyu akikosea hatua, analiwa.
"Bora," akasema Somoe.
Sikuuliza bora nini.

Jike akaruka.
Njia sikuiona, niliona mwanzo na mwisho:
alikuwa kule, yuko huku,
uso kwa uso na yule wa pilipili,
na mimi nimeshika roho mkononi pamoja na uzi.

Hakumla.
Alimgusa paji la uso kwa mguu mmoja,
akageuka, akatembea polepole mpaka ukingoni mwa meza,
akashuka kwa uzi
mwembamba kuliko wowote nilionao;
namba yake haiuzwi.

Dume alibaki mikono juu.
Baadaye akajifuta macho, moja baada ya jingine,
akakiona kioo cha wateja kilichoegemea ukuta,
na ndani yake kijana mwenye uso mwekundu
anayeinua mikono vilevile.
Akaanza upya, safari hii kwa hasira.

Somoe alicheka mpaka akatafuta kigoda.
Adhuhuri ikapita, mkono wa kushoto bado.
"Malizia kesho," akasema, "sina haraka.
Ila ndani ya pindo, pasipoonekana,
niwekee kijani. Kile kinachogeuka."

Nimezunguka maduka matatu tangu alasiri.
Kijani kipo, tele.
Wananiuliza: kinageuka vipi?
Nainamisha kichwa, kuwaonyesha.