Kidahizo: gubu

Nilifika Konde na daftari la mistari mipana
na kalamu mbili, moja ya akiba.
Kidahizo, ngeli, maana, mfano. Basi.
Herufi ya G ilikuwa imenikwama.
Wakanambia: hilo kamuulize Mize binti Shaame,
analo nyumbani.

Nilimkuta jamvini anachambua karafuu,
makonyo huku, karafuu kule.
"Gubu? Andika.
Kaije alikuja kuniazima mbuzi."
Nikaandika: mbuzi, mnyama.
"Futa. Mbuzi ya kukunia.
Imetoka hapa na meno kumi na mbili,
imerudi na kumi na moja,
nami sikusema kitu."

Bibi, nikasema, naomba maana.
"Si ndiyo nakupa?
Imetoka hapa na meno kumi na mbili..."

Mumewe, Faki, alikuwa akishona pakacha.
Lile jino lilipong'oka mara ya nne
akatwaa kofia yake kimya,
akaenda kusali msikiti wa mbali.

"Lakini usichanganye," akanambia.
"Kusema mara mbili ni kukumbusha,
mara tatu kusihi.
Mtoto wa chuoni anaradidi, anahifadhi.
Mwenye uradi ana Mola wake wa kumsikia.
Gubu ni kukuna nazi
nyama imekwisha, tui limekwisha,
nawe huinuki, unakuna kifuu,
kwaru, kwaru, kwaru,
na mchuzi wenyewe ulishaliwa jana."

Na wingi wake, bibi?
"Wingi wa nini? Moja linatosha nyumba."

Nikayaandika yote, mkono ukitetemeka kwa furaha.
Pembeni nikaongeza, kwa wino wa akiba:
*nafsi ya kwanza haijasikika.*
Husemwa ana gubu, wana gubu, gubu lake yule.
Konde nzima sikumpata
aliyejigusa kifua akasema: ninalo.
Naye Mize, nikivaa viatu, akaniita:
"Na lile jino, mwanangu,
mpaka leo sijui kalipeleka wapi."

Kamusi imetoka.
Gubu limepewa mstari mmoja, maneno tisa.
Hakuna nazi. Hakuna Konde.
Nilimwambia Riziki siku ile ile: wamenikatia kifuu.
Nikamwambia wakati wa futari, uji ukipoa.
Nikamwambia harusini kwa shemeji yake,
tukiwa kwenye foleni ya kunawa,
na mzee mmoja asiyetujua
akanipisha mbele ili nimalize.

Jana usiku kaubeba mto wake,
kahamia chumba cha watoto.
Mlangoni kageuka: "Ule mfano wako,
haya, umeshaupata. Uandike."

Daftari ninalo bado. Ukurasa wa G
umeingia doa la mafuta ya karafuu.
Nimeiona nafsi ya kwanza pale pembeni,
nikaishika kalamu, nikaiweka.

Kisha nikauambia ukuta, taratibu,
watoto wasiamke:
maneno tisa sawa, Riziki,
lakini kifuu,
kifuu wangekiacha.