Walipoangukia

Jumapili, Chikundi, katekista Nambunga
alisema Ibilisi hana pembe.
Alikuwa malaika, mbeba taa,
akaipenda sauti yake kuliko wimbo.
Theluthi ya nyota ikamfuata chini.

Mtoto wa Akundaneni akanyoosha mkono:
"Mwalimu, waliangukia wapi?
Mbona mikoroshoni hatuoni shimo?"

Kanisa zima likacheka.
Mimi ndiye karani wa mizani.
Tangu Oktoba kidole gumba changu
kimelala juu ya mkono wa chuma,
kilo mbili kila gunia,
na Komunyo napokea kwa kiganja hichohicho.

Jumatatu, umande haujakauka,
foleni imefika barabarani.
Akundaneni ndiye wa kwanza.
"Pima, mwanangu," anasema.

Mkono nimeutia mfukoni.
Unachimba.